Mwaka Niliofundisha Barioni

Mwalimu Chilumba amekufa, na simu yangu tangu Jumanne haijanyamaza. Kuna kundi la waliosoma ile shule ya wazazi kule Nyakakika, na mimi wameniingiza humo ingawa sikusoma pale hata siku moja. Nilikuwa nawapikia. Mtu aliyekupikia miaka mitatu humsahau hata ukitaka. Kichwa kitasahau, tumbo litakukumbusha. Basi humo kila mtu anamlilia Mwalimu kwa namna yake. Mwingine anaandika jinsi alivyochapwa, tena kwa furaha, utadhani alilishwa keki. Lakini kinachojirudia ni kitu kimoja, kahawa. Mwalimu ndiye aliyetufundisha ulimwengu kwa kahawa, anaandika huyu. Mwalimu ndiye mtu pekee aliyeweza kulipasua tunda la kahawa ukaona mwanzo wa dunia mle ndani. Projestus, ambaye siku hizi ni daktari wa vitabu huko chuo kikuu, kaandika aya ndefu kama reli, kwamba mpaka leo akitaka kufundisha barioni huanza na ile kahawa ya Mwalimu. Watu wakammwagia vidole gumba. Nikaitupa simu kwenye kapu la vitunguu nikaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jana katibu wa kamati ya mazishi akanipigia, kijana mwenye adabu, shikamoo mama mara tatu kabla hajasema shida yake. Anataka maneno machache ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi, kama mtu aliyemfahamu marehemu kwa karibu. Nikamuuliza, machache mangapi? Akasema nusu ukurasa. Nusu ukurasa, mwanangu, haitoshi hata hasira yangu ya asubuhi, bado ya mchana. Nikamwambia nitaandika ninavyojua, akitaka atakata mwenyewe. Ya kwetu, nani alimzaa nani na nani alivuka mto Kagera akiwa na jembe begani, nayaruka. Mwenye hamu na ukoo wangu aje Kihanga, nitamkalisha chini na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hapa nasema mwaka mmoja tu.

Ulikuwa themanini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na duniani nilikuwa nataka kitu kimoja, kukaa kwenye dawati la kidato cha kwanza. Darasa la saba nilifaulu. Nasema nilifaulu kwa sababu mwalimu mkuu alinisomea jina langu amesimama mlangoni pa ofisi, akanipa mkono. Baada ya wiki mbili ikabandikwa orodha nyingine. Jina langu halipo, lipo la binti mmoja ambaye mpaka darasa la sita tulikuwa tunamfunga kamba za viatu. Nikauliza. Nikaambiwa ni makosa ya mashine. Mashine hiyo ina macho, maana haijawahi kumkosea mtoto wa mwenye gari. Tangu siku ile nikawa na hasira isiyo na machozi, hasira ya kuchekesha watu. Watu wakicheka nawaona meno, najua nani ana lipi bovu.

Jiko la shule lilikuwa banda la matofali mabichi, mafiga matatu makubwa, moshi unatokea mlangoni pamoja na sisi. Chakula kilikuwa Jumatatu ndizi na maharage, na Jumanne, kubadilisha, maharage na ndizi. Tangu alfajiri mimi na Ma Anastela tunamenya. Ma Anastela ndiye alikuwa mpishi mkubwa, mama mtu mzima wa Ihanda, mkono wake mweusi kwa utomvu wa ndizi mpaka kwenye kiwiko, akisema Mungu akimwita atamtambua kwa mikono. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba cha walimu. Ukuta wenyewe haukufika juu. Waliacha nafasi ya mkono mmoja kwa ajili ya hewa, na kwa nafasi hiyo sisi wawili tulijua mambo ya shule kabla ya mkuu wa shule. Tulijua mwalimu yupi kaandikiwa barua na mchumba na yupi kaandikiwa na mke. Na kwa nafasi hiyo ndiyo tulisikia kwamba anakuja mwalimu wa fizikia, mtu wa Newala, aliyesoma Urusi miaka sita, akagombana na mkubwa wake huko Dar es Salaam, wakamtupa huku kwetu kwa sababu mbele ya huku ni Rwanda.

Alikuja na masanduku mawili ya vitabu na godoro lililofungwa kamba. Ndizi zilimshinda. Siku ya kwanza aliishika sahani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie kidogo. Siku ya tatu akaja jikoni mwenyewe, anaomba kama kuna unga tumsongee ugali kidogo tu. Akakaa kwenye kigoda karibu na figa, akala pale pale, jasho linamtoka, na toka hapo chumba cha walimu hakukiona tena saa ya chakula. Wenzake wakasema kajishusha. Ma Anastela akasema kashiba. Mimi nikamwambia, shikamoo Mwalimu, huko Urusi mlikuwa mnasoma nini miaka yote sita, mbona umerudi huna hata baiskeli? Ma Anastela akanifinya. Mwalimu akatafuna, akameza, akasema, "Barioni."

Nikamuuliza ni ugonjwa au ni kabila. Hapo ndipo yalipoanza. Mtu yule alikuwa hana wa kuongea naye, nilimfungulia bomba. Akachukua kipande cha ugali, akakigawa, akakigawa tena mpaka kikawa chembe, akasema kama tungekuwa na kisu cha kutosha tungeendelea kukata mpaka tufike kwenye vitu viwili, protoni na neutroni, na hao ndio barioni. Sufuria ni barioni. Moto unachounguza ni kuni, na kuni ni barioni. Ma Anastela ni barioni. Ma Anastela akasema yeye ni Mkatoliki. Mwalimu akaendelea kwamba ndani ya kila barioni kuna vitu vitatu vidogo vinaitwa kwaki, vimeshikana, na hajazaliwa mtu wa kuitoa kwaki moja ikakaa peke yake. Ukiivuta inavutika kama mpira. Ukizidi kuvuta, ile nguvu yako uliyoitumia inageuka, inazaa kwaki mpya mbili; moja inarudi ndani kuziba nafasi, nyingine inaondoka na ile uliyoivuta. Ndani wapo watatu vilevile, na ulichoondoka nacho ni wawili.

Nikasema, ah, hiyo naijua. Ni kama kutorosha binti wa watu. Unasema nimeiba mmoja, unafika kwako unakuta ni wawili.

Mwalimu alipaliwa na ugali. Ma Anastela akampiga mgongo mpaka akatulia, machozi yanamtoka, kisha Mwalimu akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia. Nikamwambia na ya orodha. Hakusema pole, wala sikuitaka. Akaniuliza tu, "Na bado unataka?" Nikasema nataka. Sikuongeza utani hapo. Hilo neno nalikumbuka kwa sababu ni mara chache nimewahi kulitoa mdomoni likiwa uchi namna ile.

Basi ikawa kila mchana. Nikimenya ananiambia, nikikoroga namuuliza. Akaniambia neutroni akiwa ndani ya nyumba pamoja na wenzake anakaa miaka yote, lakini ukimtoa nje peke yake, kama robo saa hivi kavunjika. Protoni, yeye, hajulikani kama anakufa. Nikauliza watajuaje. Akasema kuna wataalamu wamechimba mashimo marefu chini ya milima wakajaza maji mengi kuliko unavyoweza kufikiri, wamekaa wanaangalia kama hata protoni mmoja atakufa. Mpaka leo hajafa. Nikasema kwetu watu wanaokaa kungoja mwenzao afe wanaitwa warithi. Akaniambia zile kwaki tatu ukizipima zenyewe karibu hazina uzito. Karibu uzito wote wa barioni unatokana na kushikana kwao, na nguvu inayokimbia katikati yao. Hilo lilinifanya niweke kisu chini. Nilikuwa nabeba debe la maji kichwani kila siku, sikujua kwamba ninachobeba ni kushikana.

Lakini lililoniumiza lilikuwa jingine. Alisema mwanzo kabisa, joto likiwa kali kuliko jiko lolote, kulikuwa na barioni na wenzao wa kinyume, na wakikutana wanateketezana wote, unabaki mwanga. Kwa hesabu ya haki ilitakiwa waishe wote, kusiwe na nyota wala mgomba. Lakini kwa kila bilioni na bilioni waliomalizana, akazidi mmoja. Huyo mmoja mmoja aliyebaki ndiyo sisi, ndiyo Karagwe, ndiyo kila kitu unachokiona. Nikamuuliza, huyo aliyezidi, nani alimpendelea? Mwalimu akasema hapo ndipo dunia nzima imekwama, hakuna anayejua. Nikamwambia basi hao wataalamu hawajawahi kuishi wilayani. Sisi tunajua. Ni aliyeshika kalamu. Yeye akacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikisikia watu wanasema ulimwengu una siri, nawaza siri gani, si waende ofisini wakaulize.

Kahawa niliileta mimi. Kidato cha tatu walikuwa hawaelewi kitu. Kwenye ile nafasi ya ukuta tulimsikia Mwalimu akiwaambia wenzake kwamba watoto wanamwangalia kama mbuzi wanavyoangalia treni. Mimi mwezi wa saba huwa naenda kuchambua kahawa, na mtu aliyechambua kahawa anajua: tunda la kahawa lina mbegu mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Mara moja moja unakuta yenye moja ya mviringo. Na mara chache sana, ukibahatika katika gunia, unakuta yenye tatu. Hizo za mbegu tatu nilikuwa naziokota toka utotoni, kwa kuzifinya tu kidole kinajua. Nilikuwa na kopo la maziwa limejaa. Nikamletea moja jikoni, nikaipasua mbele yake kwa jino. Tatu. Mwalimu aliishika kama yai. Nikamwambia na mahali kahawa inaposhindwa, kwamba hizi zinatoka, hizo zako hazitoki, kwa hiyo wanafunzi waambiwe mapema wasije wakadanganyika. Huyo mtu wa kwao mikorosho, ambako mbegu inaning'inia nje ya tunda kama kitu kilichochelewa kuingia, akasema, "Verdiana, kesho kutwa hili somo utalifundisha wewe. Na mwezi wa kwanza unaingia kidato cha kwanza. Bodi nitakusemea mimi."

Nitakusemea. Neno hilo nilililalia.

Siku ya somo nilioga mara mbili na bado nilinuka moshi. Nilibeba kopo langu, na kapu la amwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na majani na maganda yake halafu inaanikwa, kwa sababu huwezi kwenda mbele ya watu mikono mitupu. Mwalimu alinifikisha mlangoni, akaniachia darasa, akarudi ofisini. Darasa lilikuwa na wavulana wengi na wasichana watano wamekaa mbele. Projestus alikuwa nyuma, miguu kwenye dawati la mwenzake. Baba yake, Ta Rwekaza, ndiye alikuwa mwenyekiti wa bodi, mtu wa Muleba, mkubwa wa mambo ya ushirika, mwenye pikipiki iliyokuwa inasikika vijiji viwili kabla hajafika. Projestus akasema kwa sauti ya kusikika, leo tunafundishwa kupika barioni. Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, maana lilikuwa zuri, na nikamwita mbele aje anisaidie kuonja kama zimeiva.

Nilifundisha. Sitajisifu, nasema tu kwamba waliacha kuchungulia dirishani. Niligawa zile za mbegu tatu, kila dawati tunda moja, wakapasua wenyewe. Nikawapa kuvuta, nikawapa kutorosha binti, wasichana wa mbele wakaficha nyuso na daftari. Nikafika kwenye lile la kwamba hakuna kwaki inayotembea peke yake, ikitoka lazima itoke na mwenzake. Hapo nikataka waone kwa macho. Nikachukua tunda moja la kawaida kwenye kapu, nikalipasua, mbegu moja nikampa Projestus, moja yangu. Asubuhi ile kisu kilikuwa kimenikata kidole gumba nikimenya. Kitambaa kilikuwa kimelegea. Ile mbegu niliyompa ilikuwa na damu, niliiona, na yeye aliiona, na darasa zima liliona. Akaitia mdomoni kwa kiburi, kuonyesha haogopi mpishi. Na mimi nikaitafuna yangu.

Msiotoka huku, eleweni. Zamani wazee wetu wakitaka kuwa ndugu wasiozaliwa pamoja walifanya omukago. Mnachanja ngozi karibu na kitovu, mnapaka damu kwenye mbegu mbili za tunda moja la kahawa, huyu anameza ya huyu. Basi, mmekuwa ndugu kuliko ndugu. Shida yake ni yako, nyumba yake ni yako, na atakayemsaliti mwenzake tumbo litavimba mpaka lipasuke. Makanisa yalikuwa yameshaukataza na vijana tulikuwa tunaucheka. Yangu haikuwa hata ya kitovuni, wala mimi sikumeza damu ya mtu. Lakini darasa lile lilinyamaza, na mimi, badala ya kunyamaza nalo, nikamwambia Projestus: karibu nyumbani, mdogo wangu.

Ningeweza kudai leo kwamba ilikuwa fizikia tupu. Nusu ilikuwa fizikia. Nusu ilikuwa ni ile miguu juu ya dawati.

Habari ilipanda baiskeli mchana ule ule. Jumapili watu walikuwa wananisalimia kanisani kama dada wa mwana wa Ta Rwekaza. Ta Rwekaza mwenyewe, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, alisema hadharani kwamba hayo ni mambo ya kipagani, hayaamini hata kidogo, mwanawe hana undugu na mtoto wa vibarua waliotoka ng'ambo. Ma Anastela akaniambia kwamba Jumatatu Ta Rwekaza alimpakia huyo mwanawe kwenye pikipiki akampeleka hospitali kupimwa tumbo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kwamba nacheka kwa mara ya mwisho mwaka ule. Bodi iliitishwa Jumamosi. Mambo yalikuwa mawili: nani alimwingiza mpishi darasani, na ombi la Mwalimu Chilumba kwamba huyo mpishi apewe nafasi ya kidato cha kwanza, alipie kwa kupika.

Siku hiyo tulipika chai ya wajumbe. Nilisimama chini ya ile nafasi ya ukuta, birika mkononi, Ma Anastela pembeni yangu ameshika mwiko kama bunduki. Walianza kwa sala. Wakazungumza paa, wakazungumza choo. Halafu Ta Rwekaza akauliza polepole, kama mtu anayeuliza saa, "Mwalimu, hili somo la kahawa lilitoka kichwani mwa nani?"

Nilingoja. Nilimsikia akivuta kiti. Nilishajua atakavyosema, nilikuwa nimemsemea kichwani mwangu wiki nzima: ni la Verdiana, wajumbe, na ndiyo maana nawaomba dawati moja. Maneno hayo hayazidi pumzi moja.

"Ni langu, Mwenyekiti," akasema. "Ni mbinu ya kufundishia. Binti alileta kahawa tu."

Ma Anastela aliangalia chini. Mimi niliangalia birika. Miaka mingi nimejaribu kuwa na huruma na sentensi ile. Alikuwa ameshafukuzwa mara moja, alikuwa hana pa kwenda zaidi ya Nyakakika, na mbele yake amekaa mtu anayeweza kumtupa hata nje ya hapo. Yote nayajua. Nikimaliza kuyajua nakuta hasira iko palepale, imekaa, imevuka miguu.

Kukawa na mjumbe mmoja, mzee mwenye shamba kubwa, mtu wa utani, akasema basi Mwalimu atuoneshe na sisi hayo maajabu, kahawa si hiyo hapo. Kapu langu lilikuwa mezani, walilichukua kama ushahidi. Kopo nilikuwa nalo mimi jikoni. Nikasikia ganda linapasuka. Nikasikia Mwalimu anasema, kama mnavyoona, ndani kuna mbegu tatu. Akapasua nyingine. Akapasua ya tatu. Mtu yule aliyejua mwanzo wa dunia alikuwa amekaa Karagwe miezi tisa akidhani kila kahawa ina mbegu tatu, kwa sababu zote alizowahi kuona zilitoka kwenye kopo langu. Na sikuwahi kumwambia. Nani anamwambia mtu kwamba maji yanalowesha? Yule mzee akamuuliza kwa upole, Mwalimu, ya tatu imetoroshwa? Bodi nzima, watu waliozaliwa chini ya mibuni, ilivunjika kwa kicheko.

"Mwache azame," Ma Anastela akaninong'oneza.

Ningemwacha. Lakini kile kilichokuwa kinachekwa mle ndani hakikuwa Mwalimu peke yake, lilikuwa somo langu. Nikachukua kopo, nikaingia na birika kwa mkono mwingine. Nikamiminia kila mtu chai, na pembeni ya kila kikombe nikaweka tunda moja. Nikawaambia wapasue. Wakapasua, na kicheko kikaisha kikombe kwa kikombe. Nikaeleza vitatu vilivyoshikana, uzito ambao si wao, na mahali kahawa inaposhindwa. Sikumtaja Mwalimu wala sikumwangalia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa tena somo lilikuwa la nani.

Ta Rwekaza akazikusanya mbegu zake tatu kwenye kisahani. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa mbaya, niseme hapo mbele ya wajumbe kwamba mimi na mwanawe si ndugu, jambo hili liishe. Mlango ulikuwa wazi, najua sasa. Ningesema maneno mawili. Lakini nilikuwa nimetoka kusikia mtu mzima akikana kitu kwa ajili ya kiti chake, na mdomo wangu ukakataa kuwa wa pili. Nikasema, "Mimi sijui, Ta. Labda tuulize majibu ya hospitali."

Hakuna aliyecheka, hata yule mzee. Ta Rwekaza akanywa chai yake yote mpaka majani. Halafu akawageukia wenzake.

"Akili anayo, hilo tumeliona wote," akasema. "Sasa mpishi mwenye akili hivi mkimweka darasani, jikoni mtamweka nani?"

Katibu akaandika. Nilimwona anaandika. Mwaka wa darasa la saba walinikosesha kwa kusema mashine haikuliona jina langu, na hilo angalau mtu unaweza kulielewa, kuna macho mabovu. Hawa walinitazama, wakanielewa, wakanikubali, na kwa kunikubali wakanifunga mlango. Hilo ndilo ambalo hakuna barioni wala mwenzake wa kinyume aliyewahi kunielezea.

Mchana Mwalimu alikuja jikoni kama kawaida. Alikaa kwenye kigoda. Ma Anastela akatoka nje kwenda kutafuta kuni ambazo zilikuwa zimejaa ndani. Mwalimu akaangalia moto, akasema kama angesema ni wazo langu wangemfukuza. Nikamuuliza, na mimi je? Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli kweli, hata pale hakujibu hovyo.

"Wewe, Verdiana," akasema, "walikuwa hawawezi kukufukuza. Ulikuwa hujaingia."

Ugali wake ulikuwa tayari, nilikuwa nimeusonga mapema. Nikampakulia. Siku hiyo kulikuwa na nyama ya wajumbe imebaki. Nikampakulia na nyama, vipande viwili, nikachagua vilivyonona.